SOMO: Kusukutua floraidi shuleni, someni kwanza ndo muulize

Naandika mara moja tu maana kila wiki mtu ananifuata inboksi na swali lile lile: tunaanzaje kuwasukutuza wanafunzi floraidi, yale madini ya kuzuia meno kuoza?

1. Muone daktari wa meno. Maji yenu yakiwa na floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, aamue yeye kama mnaanza au la.

2. Fomu za wazazi. Mzazi hajasaini, mtoto hasukutui.

3. Dawa ya mara moja kwa wiki ni sodiamu floraidi asilimia 0.2. Ile ya 0.05 ni ya kila siku, msizichanganye.

4. Mazoezi ya maji matupu. Hapa ndo programu nyingi zinaharibika, mwalimu ana haraka anagawa dawa siku ya kwanza, nusu ya darasa wanacheka, wengine wameshameza zamani. Wape maji hadi kila mmoja aweze kushikilia dakika nzima na kutema YOTE. Asiyeweza abaki na maji, hata kama ana miaka 9. Chini ya miaka 6 usimpe kabisa.

5. Siku yenyewe: mililita 10, sekunde 60, ateme humo humo kikombeni, achomeke tishu inyonye, kikombe kiende takani.

6. Nusu saa hakuna kula wala kunywa, kwa hiyo usipange karibu na mapumziko.

MASWALI

– Mkuu, wa miaka minne nimpe ngapi?
– Hatua ya 4. Umesoma kweli?

– Tumeruka wiki mbili, tufidie?
– Hapana. Ni 10 ile ile.

– Akimeza je? Na kama ni dawa, mbona inatemwa?
– Swali zuri. Floraidi inafanya kazi juu ya jino lenyewe, inasaidia madini yaliyoliwa na asidi ya bakteria yarudi, tumboni haina kazi hiyo. Dozi moja ina kama miligramu 9 za floraidi, na hatari inahesabiwa kuanzia miligramu 5 kwa kila kilo ya mtoto, kwa hiyo wa kilo 20 ni 100. Akimeza dozi moja anaweza kusikia kichefuchefu, mpe maziwa, kalsiamu inaishika. Lita nzima ndo balaa, ifungie kabatini kwa kufuli.

– Kwa hiyo mswaki basi?
– Nani kasema? Mara mbili kwa siku, palepale. Uchambuzi wa 2016 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, ulikuta kusukutua kwa usimamizi kunapunguza kuoza kwa meno ya ukubwani kwa kama asilimia 27. Siyo 100.

– Sisi tunatumia galoni la plastiki lenye pampu, mbano mmoja mililita 10, foleni inaenda chapu.
– Safi, ila pimeni huo mbano kwanza, pampu ikichoka inatoa pungufu.