SOMO: Ulishawahi kutumia bangi au mirungi na unataka klirensi ya Marekani? Pitia hapa kwanza

Wakuu, vijana wetu wengi walioko Marekani wanaingia jeshini au wanaomba kazi za IT kwenye kampuni zenye tenda za serikali, na wakifika kwenye klirensi ya usalama (kibali cha kuona siri za serikali) wanaogopa, wengine wanaacha kazi nzuri kwa sababu walivuta bangi chuoni. Msiache kabla hamjasoma hii.

Hatua ya 1: Acha leo. Sheria inakataza mtu anayeendelea kutumia kupewa klirensi, na habari za "huku Colorado ni ruksa" hazikusaidii kitu, klirensi ni ya serikali kuu na kwao bangi ya starehe bado ni haramu hata kama duka lina leseni.

Hatua ya 2: Kumbuka vizuri. Fomu SF-86, ile ya kuombea klirensi, kifungu cha 23 kinauliza miaka 7 iliyopita: ulitumia nini, mara ya kwanza na ya mwisho lini, mara ngapi, na kama una nia ya kutumia tena. Kama ulitumia ukiwa tayari na klirensi, hapo hakuna cha miaka 7, unataja hata iwe zamani vipi. Watu wetu wanasahau mirungi. Ile kathinoni, kemikali ya kulevya iliyomo kwenye majani mabichi, Marekani wameiweka kundi moja na heroini, so kama ulitafuna ukiwa Marekani inahesabika. Na vidonge vya ADHD (tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia) ulivyopewa na rumeti wakati wa mitihani navyo vimo.

Hatua ya 3: Andika ukweli wote. Hapa ndo watu wanaangukia jamani, bangi ya miaka 4 nyuma inasameheka lakini kudanganya kwenye fomu ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 5, na hata usiposhtakiwa wanakuona huaminiki, sasa nani atakupa siri za nchi? Wanahoji majirani, mabosi wa zamani, watu uliokaa nao. Fomu yenyewe inasema majibu ya kweli ya kifungu hicho hayatatumika kama ushahidi wa kukushtaki, kwa hiyo usiogope kuandika.

Hatua ya 4: Onyesha umebadilika. Mwongozo wa serikali wa 2017 wa kuamua nani apewe klirensi hautaji idadi ya miaka ya kusubiri, wanapima muda uliopita, ulitumia mara ngapi, umeachana na ile kampani au bado mnakaa wote wikiendi. Unaweza kusaini tamko kwamba hutatumia tena na ukirudia wakunyang'anye klirensi, wanalizingatia.

Hatua ya 5: Ukipata barua ya kueleza sababu za kutaka kukunyima, jibu haraka. Kwa wafanyakazi wa kampuni zenye tenda za wizara ya ulinzi ni siku 20 tu, tafuta wakili siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nilitafuna miraa likizo Kenya, kule ni halali. Niandike?
Jibu: Mimi ningeiweka kwenye sehemu ya maelezo, nitaje ilikuwa Kenya, lini, na kwamba kule inaruhusiwa. Ila kama ilikuwa Tanzania usiseme halali, kwetu mirungi ni kosa.

Swali: Nina green card tu (kibali cha kuishi Marekani kudumu), naweza kuomba?
Jibu: Klirensi inataka uraia kwanza. Na hapo kuwa makini sana ndugu yangu, bangi hata ya dukani inaweza kukukwamisha kwenye uraia kwa kigezo cha tabia njema. Usidanganye, ila muone wakili wa uhamiaji kabla hujajaza chochote.

Swali: Nimeshatuma fomu halafu nikavuta kwenye pati mara moja, nikae kimya?
Jibu: Usikae kimya. Mwambie afisa usalama wa kampuni yako au mpelelezi kabla hawajakuuliza. Itakuwa nzito kwa sababu ulishajua masharti, inawezekana wakakunyima safari hii, lakini ukisema mwenyewe bado una pa kuanzia ukija kuomba tena.