Somo: Kuhama chumba cha chuo mwisho wa muhula na amana yako mkononi

Habari zenu wadau. Chuo kikikaribia kufungwa, maswali ya kodi na amana (pesa ya dhamana uliyomwachia mwenye nyumba ulipoingia) huwa hayaishi, basi leo tulimalize. Hatua ni tano. Pesa iko kwenye ya kwanza na ya tatu. Nyingine ni jasho tu.

Hatua ya 1: Fungua mkataba, hesabu wiki
Kodi inayotajwa kwa wiki huwachanganya wengi. Mwaka una wiki 52, si 48. Chumba cha 100 kwa wiki si 400 kwa mwezi: zidisha kwa 52, gawanya kwa 12, unapata 433 na ushee. Halafu angalia mkataba ni wa wiki ngapi. Chumba cha 100 kwa wiki 40 ni 4,000. Cha 85, kinachoonekana cha bei poa, kwa wiki 51 ni 4,335, na wiki nyingi kati ya hizo za ziada uko likizo, unalipia kitanda kitupu. Hapohapo tafuta kipengele cha notisi. Mikataba mingine inakwisha yenyewe, mingine inaendelea kula kodi mpaka utoe taarifa kwa maandishi. Kumuaga mlinzi getini si notisi.

Hatua ya 2: Punguza mizigo
Anza mapema, ugawe usichohitaji. Kama unarudi muhula ujao, ulizia stoo kabla wenzako hawajaijaza.

Hatua ya 3: Safisha ukiwa na fomu ya kuingilia
Siku ya kwanza huenda ulisaini fomu ya hali ya chumba. Itafute. Kasoro iliyoandikwa pale si yako.

Friji la barafu lizime usiku wa kuamkia siku ya kuhama, acha mlango wazi, tandika taulo chini. Usikwangue barafu kwa kisu. Ukitoboa mrija wa gesi, hilo friji umelinunua. Utandu mweupe wa chokaa kwenye bomba hulainika ukiuzungushia kitambaa kilicholowa siki kwa nusu saa. Pitia chini ya godoro, juu ya kabati na nyuma ya jiko, maana wakaguzi wazoefu huanzia huko. Tundu la msumari usilipake rangi ya kubahatisha: kiraka cha rangi tofauti kinaweza kukulipisha ukuta mzima.

Hatua ya 4: Piga picha
Chumba kikiwa kitupu, piga kila ukuta, sakafu, ndani ya friji, na namba za mita kama bili ni yako. Jitumie kwa barua pepe siku hiyohiyo ili tarehe ibaki.

Hatua ya 5: Kabidhi funguo
Omba ukaguzi ufanyike ukiwepo. Rudisha funguo zote, upate karatasi yenye saini na tarehe, kisha acha namba ya akaunti ya kurudishiwa amana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo. Tuko wanne nyumba moja, mmoja kavunja kioo na kaondoka zake. Tunalipa sote?
Jibu: Inategemea mlivyosaini. Mkisaini mkataba mmoja kwa pamoja, mara nyingi deni ni la wote, na kumdai mwenzenu ni kazi yenu. Kila mtu na mkataba wake, mnachangia tu uharibifu wa sehemu za pamoja kama mkataba unasema hivyo.

Swali: Mwenye nyumba anataka kubaki na amana yote eti zulia limefifia.
Jibu: Kufifia kwa kukanyagwa na jua ni uchakavu wa kawaida, tofauti na kuunguza kwa pasi. Mwombe mchanganuo wa kila kinachokatwa pamoja na risiti, umuulize na umri wa zulia. La zamani halilipwi kwa bei ya jipya.

Swali: Mkuu, siwezi tu kuacha kulipa mwezi wa mwisho, amana ikafidia?
Jibu: Bila ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, usithubutu. Utahesabika mdaiwa wa kodi, na uharibifu utadaiwa juu ya kodi hiyo.

Swali: Nimepata wa kuchukua chumba changu mwezi mmoja kabla ya mkataba kuisha. Nimwachie funguo?
Jibu: Bado. Mwenye nyumba amkubali kwanza, asaini naye, nawe upewe barua ya kuondolewa kwenye mkataba. Akiingia kabla ya hapo, akikwama kulipa utatafutwa wewe.