Mrithi wa Kimila si Mwenye Mali: Namna ya Kupanga Mirathi Nchini Uganda

Katika Buganda, siku ya okwabya olumbe, yaani sherehe ya kumaliza matanga, omusika (mrithi wa kimila) huvishwa nguo ya magome ya mti na kukabidhiwa mkuki mbele ya ukoo, na wengi huondoka pale wakiamini kwamba mali yote ya marehemu imepata mwenyewe. Sheria haisemi hivyo. Mtu akifariki bila wasia, Sheria ya Mirathi kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 humpa mrithi wa kimila asilimia 1 tu; watoto wa marehemu hupata 75, mjane au mgane 20, na wategemezi wengine 4. Omusika anayeuza kibanja cha baba yake, yaani kipande anachokalia mtu juu ya ardhi ya mwenye hati miliki, kwa sababu tu alivishwa magome anauza kisicho chake, na mnunuzi wake ananunua kesi.

Anayetaka mgawanyo mwingine na aandike wasia. Inatosha awe ametimiza miaka 18, awe na akili timamu, na asiwe ameshurutishwa. Wasia waweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiganda, ingawa mahakama itahitaji tafsiri ya Kiingereza. Taja kila mali kwa alama zake: namba ya kitalu na ya kiwanja kwa ardhi ya mailo (ile yenye hati miliki ya kudumu), kijiji na majirani wa mipaka kwa kibanja, jina la benki au SACCO (chama cha akiba na mikopo), mifugo, na madeni pia, kwani deni hulipwa kabla ya mrithi yeyote kupata chake. Kisha tia sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, nao watie sahihi mbele yako, na ni vyema wote mfanye hivyo katika kila ukurasa. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: shahidi hapaswi kuwa mtu uliyemwachia kitu, wala mume au mke wa mtu huyo, maana zawadi hiyo hubatilika hata kama wasia wenyewe unasimama.

Mteue mtekelezaji wa wasia kwa jina, na wa pili wa akiba. Binafsi ningemchagua mtu mwenye subira kuliko mwenye cheo, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kufuatilia makaratasi. Usimwache mwenzi au mtegemezi mikono mitupu, kwa sababu mahakama inaweza kuamuru atunzwe kutoka katika mali hiyo. Mwislamu anayetaka kufuata faraidhi, yaani mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu, aandike hivyo waziwazi, akikumbuka kwamba wasia wake hauvuki thuluthi ya mali yake na haumhusu aliye tayari mrithi.

Amana, yaani mali inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya wengine, inafaa hasa pale penye watoto wadogo. Wadhamini hushika ardhi au nyumba ya kupangisha kwa jina lao, lakini kodi ya pango inayokusanywa hulipa karo mpaka watoto wafikie umri ulioutaja. Waweza kuianzisha ndani ya wasia wenyewe au kwa hati ya pekee ungali hai. Hiyo ya pili mwachie wakili aiandike.

Baada ya kifo, familia hupata cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya utambuzi na usajili wa watu, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Palipo na wasia, mtekelezaji huomba mahakama iuthibitishe. Pasipo na wasia, ndugu hukutana, huchagua wasimamizi, na kwa kawaida huanzia kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi ili kupata hati ya kutokuwa na pingamizi, ndipo waiombe mahakama hati ya usimamizi. Ombi hutangazwa kwa siku 14 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Anayepewa hati hiyo huwasilisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu kamili ndani ya mwaka 1. Tangu marekebisho ya 2022 hati yenyewe hudumu miaka 2, kwa hiyo uhamishaji wa hati miliki uanze mapema. Muda ukikaribia kwisha kazi ikiwa bado, mahakama huombwa iuongeze.