Kupanda na Kupika Alizeti ya Viazi Kandokando ya Ziwa Victoria

Katika sehemu nyingi za ukanda wa Ziwa Victoria, alizeti pori huota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, na maua yake ya njano humfanya mtu adhani kwamba chini yake kuna kitu cha kuliwa. Hakuna. Alizeti pori, ambayo wataalamu huiita Tithonia diversifolia, haizai viazi. Faida yake ni majani, ambayo hukatwa na kufukiwa shambani yawe mbolea. Mmea unaozungumziwa hapa ni Helianthus tuberosus, ndugu wa karibu wa alizeti ya mafuta, wenye asili ya Amerika Kaskazini, ambako wenyeji waliulima na kula viazi vyake kabla ya Wazungu kufika. Hapa nitauita alizeti ya viazi.

Tazama jani kabla ya ua. Jani la alizeti pori mara nyingi limegawanyika vipande vitatu hadi vitano kama kiganja, ilhali la alizeti ya viazi ni zima, lenye ncha, na hukwaruza vidole kama msasa. Majani yake ya chini hukaa mawilimawili yakitazamana, na ya juu hupishana. Hata hivyo, usichimbe mzizi wa porini kwa kuamini alama hizo peke yake, kwa sababu ukoo wa mimea hii una maelfu ya aina na baadhi zina sumu. Anza na viazi vya mbegu kutoka kwa mtu ambaye amekwisha kuvilima na kuvila.

Udongo unaofaa ni ule wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Kwenye mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, viazi huoza maji yakituama, na vikipona, kuosha tope lililojificha katika vinundu vyake ni kazi ya kukatisha tamaa. Inua matuta kama ya viazi vitamu mvua za vuli zinapoanza, kisha fukia vipande vyenye macho mawili au matatu, kwenye kina cha sentimita 10 hadi 15, ukiacha nafasi ya sentimita 40 hivi kati ya kipande na kipande. Palilia mapema na upandishie udongo shina likifika magotini. Mmea huu huanza kujaza viazi siku zinapofupika, na kwa kuwa Mwanza mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, usishangae ukiwahi kuchanua ungali mfupi.

Chagua kona ya shamba iliyo peke yake, wala si katikati ya mihogo, kwa maana kila kipande kinachosahaulika ardhini huchipua upya.

Majani yakishakauka, kwa kawaida baada ya miezi minne hadi mitano, chimba kwa uma wa shamba au jembe ukianzia mbali na shina. Utakuta viazi vyenye vinundu kama tangawizi, vyeupe ndani, ambavyo vikivunjwa hulia kama muhogo mbichi. Ngozi yake ni nyembamba mno na haizuii maji kutoka. Msimu wangu wa kwanza niliviweka kwenye kikapu jikoni, na baada ya siku chache vilikuwa vimesinyaa na kulegea kabisa. Tangu hapo huchimba vya kula siku hiyo tu, na vinavyobaki huvifukia kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu.

Kumenya si lazima. Sugua kwa brashi, kata, na uloweke kwenye maji yenye ndimu visigeuke rangi. Chemsha kwa dakika 10 hadi 15 huku ukichoma kisu kila mara, kwa sababu hupondeka ghafla, kisha viunge kwa karanga zilizosagwa, kitunguu na chumvi, uvile na sato wa kukaanga. Ukipenda, vikate vipande vyembamba na uvianike juani kama michembe ya viazi vitamu.

Mara ya kwanza kula kimoja au viwili tu. Badala ya wanga vimejaa inulini, aina ya nyuzinyuzi ambayo haisagwi katika utumbo mwembamba, bali huchachushwa na bakteria katika utumbo mpana, na anayejaza sahani usiku wa kwanza hukesha na tumbo lililojaa gesi.