Jinsi ya kusoma namba za mauzo ya albamu, tukianza na Greatest Hits ya Queen

Hii naiandikia sisi tunaobishana kuhusu muziki, hasa sisi wa Zanzibar ambao jina la Freddie Mercury likitajwa tu kila mtu ana namba yake mfukoni. Juzi nilipita Shangani, pale Kenyatta Road, karibu na ile nyumba ambayo tangu 2019 ni makumbusho yake, nikamsikia kijana mmoja anawaambia wageni kwamba Greatest Hits, ule mkusanyiko wa nyimbo bora za Queen, bendi ya Uingereza aliyoimbia Freddie, imeuza milioni mia na hakuna albamu duniani iliyoifikia. Wageni wakaitikia, wakapiga picha, wakaenda zao. Iliniuma, manake ukweli wa ile albamu ni mtamu kuliko hiyo namba ya kuokota, ila huwezi kuuona mpaka ujue namba za mauzo zinasomwaje.

Mimi namba yoyote ikinijia naiuliza vitu vinne kabla sijaishea: imehesabiwa wapi, kahesabu nani, kilichohesabiwa ni nini hasa, na ni ya tarehe gani. Ikikosa jibu hata moja naiacha ilivyo. Twende taratibu basi, mfano wetu ni Queen, afu tutawaazima bendi ya Eagles ya Marekani kidogo manake bila wao hesabu haikai sawa.

Anza na wapi, hapa ndo watu wengi wanapotelea. Greatest Hits ya Queen ilitoka Uingereza Oktoba 1981 chini ya lebo ya EMI, yaani kampuni ya kurekodi, nyimbo 17, za kuanzia 1974 mpaka 1980, ikakaa namba moja wiki nne. Mwaka 2014 ikawa albamu ya kwanza kabisa kuvuka milioni 6 ndani ya Uingereza, na Julai 2022 ikawa ya kwanza kufika milioni 7. Uingereza tu hiyo, sio Ulaya, sio dunia. Kwa hiyo ukisema ndo albamu iliyouza kuliko zote Uingereza uko sahihi na hakuna wa kukubishia, ukiongeza neno "duniani" umeshatoka nje ya namba uliyonayo.

Na kuna jambo linalofanya hesabu ya dunia iwe ngumu zaidi: jina ni moja lakini albamu sio moja. Marekani mwaka huo huo wa 1981 ilitolewa na lebo nyingine, Elektra, na orodha yake ya nyimbo ni tofauti, wao waliwekewa ule wimbo Queen walioimba na David Bowie ambao Waingereza kwenye nakala yao hawakuupata. Afu 1992 Hollywood Records wakatoa tena Greatest Hits yao huko huko Marekani, orodha tofauti tena. Sasa mtu akijumlisha zote akakuletea namba moja, muulize amejumlisha nini na nini.

Kama una santuri yenyewe nyumbani unaweza kujua bila kuuliza mtu. Mjomba wangu anayo, aliletewa na rafiki yake aliyekuwa baharia. Gamba lina ile picha ya wanne aliyopiga Lord Snowdon, na namba ya katalogi ni EMTV 30. Hizo herufi TV zipo kwa sababu huo ni mfululizo wa EMI wa santuri zilizokuwa zinatangazwa kwenye televisheni. Yaani toka siku ya kwanza hii ilikuwa bidhaa ya kuuzia watu waliokaa sebuleni, sio mashabiki wa kupanga foleni peke yao, na ndo maana pembeni yake walitoa pia kaseti ya video na kitabu cha picha kwa wakati mmoja. Watu wanasema muziki mzuri unajiuza, sawa, ila huu ulitangazwa kwenye TV.

Swali la pili, nani. Uingereza namba za mauzo zinatoka kwa Official Charts Company, na zile tuzo za dhahabu na platinamu, ambazo albamu inapewa ikifika kiwango fulani cha mauzo, zinatoka kwa BPI, chama cha kampuni za kurekodi za huko. Marekani tuzo ni za RIAA, chama kama hicho cha kwao. Sasa sikiliza vizuri hapa, RIAA kwa miaka mingi ilikuwa inahesabu nakala zilizotoka ghalani kwenda madukani ukitoa zilizorudishwa, sio zile zilizolipiwa kaunta. Kusoma mauzo kaunta kwa mstari wa bakodi kulianza 1991 na mfumo wa SoundScan. Na tuzo ya RIAA haiji yenyewe, lebo inaomba, inalipia, vitabu vinakaguliwa. Lebo isipoomba, albamu inakaa na namba ya zamani miaka na miaka hata kama watu wanainunua kila siku.

Mfano mzuri ni Eagles. Albamu yao ya nyimbo bora za 1971 mpaka 1975 ilitoka Februari 1976, na mwezi huo huo ikawa albamu ya kwanza kupewa platinamu na RIAA, manake tuzo yenyewe ndo ilikuwa imeanzishwa. Miaka ikapita ikafika platinamu 29 ikasimama hapo. Agosti 2018, siku moja, ikaruka kutoka 29 kwenda 38 na kuipita Thriller ya Michael Jackson iliyokuwa na 33. Niliona watu wanaandika kama vile Wamarekani milioni 9 wameamka asubuhi wakakimbilia dukani. Hapana jamani. Ile ni miaka 12 ya mauzo iliyokuwa haijaandikwa, pamoja na strimu, yaani kusikilizwa mtandaoni, ambazo RIAA walianza kuziingiza kwenye hesabu ya albamu mwaka 2016. Ukiona namba imeruka ghafla hivyo, kabla hujashangaa angalia mara ya mwisho ilithibitishwa lini.

Sasa kilichohesabiwa ni nini, na hapa nitakaa kidogo.

Platinamu sio kipimo kimoja dunia nzima. Uingereza ni nakala 300,000. Marekani ni 1,000,000. Na Marekani albamu ya diski mbili inaweza kuhesabiwa kila diski peke yake. Chukua namba 23 uone inavyocheza. Milioni 7 za Queen ukizigawa kwa 300,000 unapata 23 na kidogo, kwa hiyo platinamu 23 ya Uingereza ni karibu milioni 7. The Wall ya Pink Floyd ina platinamu 23 Marekani, lakini ni albamu ya diski mbili, kwa hiyo ni pakiti milioni 11 na nusu. Na albamu ya diski moja yenye platinamu 23 Marekani ingekuwa milioni 23 kamili. Neno ni lile lile, namba ni ile ile, vitu vitatu tofauti kabisa. Mtu akikwambia "zote zina platinamu 23 kwa hiyo ziko sawa" mletee hii.

Afu strimu. Marekani RIAA wanasema kusikilizwa mara 1,500 kwa nyimbo za albamu ni sawa na albamu moja iliyouzwa. Uingereza kwa wanaolipia ni mara 1,000, kwa wanaosikiliza bure na matangazo ni mara 6,000. Tena Waingereza wana utaratibu wa kupunguza uzito wa zile nyimbo mbili zinazosikilizwa zaidi ili wimbo mmoja usiibebe albamu nzima mgongoni, na kwa albamu kama ya Queen naona ni haki kabisa, manake wote tunajua upo wimbo mmoja pale ambao kila harusi, kila baa, kila mtu anaupiga. Kwa hiyo unaposoma milioni 7 ya 2022 usipige picha ya masanduku milioni 7 ya plastiki. Ndani yake kuna santuri, kaseti, sidii, za kupakua, na strimu zilizobadilishwa kuwa albamu kwa kanuni hiyo.

Tarehe sina maneno mengi. Kila namba iandikie mwaka. "Milioni 6, 2014." "Platinamu 38, 2018." Namba isiyo na mwaka ikizunguka mitandaoni miaka kumi inakuwa uongo bila mtu yeyote kudanganya.

Ukishajibu hayo manne kuna hesabu moja ndogo mimi naipenda sana, igawe kwa idadi ya watu. Eagles milioni 38, Queen milioni 7, mtu anasema Queen kaachwa mbali. Lakini Marekani 2018 ilikuwa na watu kama milioni 327, Uingereza 2022 kama milioni 67. Gawanya. Eagles wanapata karibu nakala 12 kwa kila watu 100, Queen karibu 10 kwa kila watu 100. Wamekaribiana hivyo! Najua wanahesabu tofauti kama nilivyoeleza hapo juu, kwa hiyo usiishikie bango hiyo 10 na 12 kama kipimo cha duka la dhahabu, ila inakuonyesha kwamba kila mmoja aliingia karibu kiasi kile kile ndani ya nyumba za nchi yake. Hiyo kwangu ina maana kuliko nani ana namba ndefu.

Na kitu cha mwisho cha kuangalia, ambacho kwa Queen ndo chenyewe: usiangalie wiki ya kwanza, angalia miaka. Albamu ya kawaida inauza miezi michache afu inalala. Albamu ya nyimbo bora inaamshwa kila bendi inapotajwa. Julai 1985 Queen wanapanda jukwaa la tamasha la Live Aid pale Wembley, London, mtu ambaye hana hata wimbo wao mmoja anaenda dukani, anakuta rafu nzima, hajui achukue ipi, anachukua yenye vyote. Mwisho wa Oktoba 1991 inatoka Greatest Hits II, haijapita hata mwezi, tarehe 24 Novemba, Freddie anafariki, na watu walio na majonzi wanarudi kwenye rafu ile ile. 2018 inatoka filamu ya maisha yake, watoto waliozaliwa yeye hayupo wanatafuta kwenye simu na kinachotangulia ni mkusanyiko. Ongeza kwamba katikati hapo watu wamehama kutoka santuri kwenda kaseti, kaseti kwenda sidii, na kila wakihama wengine wananunua tena kile kile walichokuwa nacho. Upande wa lebo gharama ya studio ilishalipwa zamani, nyimbo zilishapendwa, kilichobaki ni kuzipanga na kuzitangaza. Ukitaka kujua albamu ina nguvu ya kweli chora mstari wa miaka, weka matukio juu, uone kama mauzo yanaamka kila tukio. Ya Queen inaamka kila mara, miaka 40 na zaidi sasa.

Kwa hiyo yule kijana wa Shangani, kama unasoma, waambie wageni hivi: mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akaondoka na familia yake 1964, sauti yake ndo iliyo kwenye albamu ya kwanza kufikisha milioni 7 Uingereza, mwaka 2022. Kila neno hapo linasimama lenyewe, na mgeni Mwingereza akienda kuangalia kwenye simu yake atarudi kukupa mkono.

Halafu kuna zisizohesabiwa kabisa, na hizi ni za kwetu. Kabla ya ile santuri ya baharia, mjomba alikuwa na kaseti. Ulikuwa unaenda dukani na kaseti tupu ya C60, ya dakika 30 kila upande, unachagua albamu ya kurekodiwa, unalipa, unaambiwa rudi kesho jioni. Greatest Hits ya Queen ni dakika kama 58, upande mmoja kama 29, kwa hiyo iliingia kwenye C60 kama imekatiwa kipimo, hakuna wimbo uliokatika njiani. Mwenye duka aliandika QUEEN kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi na chini yake majina ya nyimbo kwa mwandiko mdogo, mawili kakosea herufi. Duka kama hilo lilikuwepo Darajani, lilikuwepo Kariakoo, lilikuwepo Mombasa, na kaseti ngapi zilitoka namna hiyo hakuna aliyeandika popote. Ya mjomba ipo mpaka leo kwenye droo, tepu imelegea mwanzoni mwa upande wa pili, na kwenye ile milioni 7 haimo.