Kabla Hujaomba Fedha za Serikali za Kusafisha Malisho Texas: Mambo ya Kuzingatia

Kama una malisho Texas na mesquite (mti wa miiba) au mireteni imeshaanza kuyameza, bila shaka umeambiwa kwamba serikali ya Marekani husaidia gharama za kuyasafisha. Ni kweli. Mpango mkubwa unaitwa EQIP, ulizaliwa na sheria ya kilimo ya 1996, na unaendeshwa na NRCS, idara ya uhifadhi iliyo chini ya Wizara ya Kilimo. Ila usiende pale ukidhani unafuata hundi. Unakwenda kuingia mkataba, na mkataba una meno.

Anza na karatasi. Shamba liwe na namba katika ofisi ya kaunti yako ya FSA, wakala wa huduma za mashamba wa wizara hiyohiyo. Bila namba hiyo ombi halisogei. Jaza fomu AD-1026, inayohusu ardhi inayomomonyoka na ardhi oevu, na CCC-941 ya kipato. Kama ardhi umekodi, uwe na uthibitisho kwamba itabaki mikononi mwako muda wote wa mkataba. Kodi ikiisha mwakani, kaa na mwenye ardhi leo, usisubiri afisa akuulize.

Maombi yanapokelewa mwaka mzima, lakini yanashindanishwa kwa alama, na kila awamu ina tarehe yake ya mwisho. Ulizia tarehe hiyo mwenyewe.

Pesa haitangulii. Unafanya kazi, inakaguliwa, ndipo unalipwa, kwa kawaida si zaidi ya asilimia 75 ya gharama. Mkulima ambaye hajazidi miaka 10 shambani, aliyewahi kutumikia jeshi au mwenye kipato kidogo anaweza kufika asilimia 90, na anaweza kuomba sehemu ya malipo mapema ili anunue vifaa. Sema mapema kwamba uko katika kundi hilo. Ujue pia kwamba malipo yanafuata jedwali la viwango kwa eka, hayafuati risiti ya fundi wako. Mwenye tingatinga akipandisha bei, tofauti unaibeba wewe.

Sasa lile ambalo naomba ulishike kuliko yote: usiguse mti hata mmoja kabla mkataba haujasainiwa na pande zote mbili.

Nina jirani, mfugaji mzoefu, mtu wa mahesabu. Ombi lake lilikuwa limefika pazuri. Afisa ameshakuja, wametembea shamba zima, ramani imechorwa, na simu imepigwa kumwambia amechaguliwa. Zilibaki saini tu. Siku zilezile akapitiwa na mwenye tingatinga aliyekuwa na kazi ng'ambo ya barabara. Akamwambia mashine iko hapahapa, akikubali sasa hatamtoza gharama ya kuisafirisha. Nani angekataa? Wakaanza na kona ya kaskazini, kwenye mesquite nzito kuliko zote.

Afisa alikuja na karatasi zake, akasimama langoni. Marundo yalikuwa yanaonekana kutoka barabarani, majani bado ya kijani, mizizi imeshika udongo mbichi. Akauliza, "Bwana, hii imeng'olewa lini?" Jirani hakuficha. Kona ile ikatolewa kwenye mkataba, na ndiyo iliyokuwa na gharama kubwa kuliko sehemu nyingine zote. Alijaribu kueleza, akaandika barua, akaonyesha kwamba kazi ilikuwa safi na imefuata ramani ileile. Haikusaidia. Kazi iliyoanza kabla ya mkataba hailipwi, hata ingefanywa vizuri namna gani. Ilibidi auze ndama kabla hawajafikia uzito, ili amlipe mwenye tingatinga.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba njia ilikuwepo. Mpango unaruhusu mtu kuomba ruhusa ya kuanza mapema. Ila ombi hilo linaandikwa, linakubaliwa, ndipo injini inawashwa. Ukishaanza, mlango umefungwa. Kwa hiyo simu ya "umechaguliwa" si mkataba, na maneno mazuri ya afisa mkiwa shambani si mkataba.

Wala usidhani wanakuchelewesha kwa uvivu. Kabla ardhi haijachimbuliwa lazima waangalie kama kuna mabaki ya kale au viumbe vinavyolindwa. Katikati ya Texas kuna ndege mdogo, golden-cheeked warbler, aliyeorodheshwa mwaka 1990 kuwa hatarini kutoweka. Hujenga kiota chake kwa nyuzi za magome ya mireteni iliyozeeka. Ukifyeka kipande chake wakati wa kutaga, shida yako haitakuwa ya EQIP peke yake.

Swali jingine ambalo wengi hulikwepa: ng'ombe watakwenda wapi? Ardhi iliyosafishwa hupumzishwa ili nyasi zishike, na mpango wa malisho unaousaini utasema ni kwa muda gani. Kama huna eneo la pembeni wala pesa za majani makavu, punguza eka unazoomba. Kusafisha kidogo na kukitunza ni bora kuliko kusafisha kwingi ukarudisha mifugo nyasi zikiwa za kidole.

Ijue na mesquite yenyewe. Ni ndugu wa mathenge, na ukaidi ni uleule. Macho yake ya kuchipua yako chini ya ardhi, kwa hiyo ukikata shina tu utarudishiwa kichaka chenye mashina mengi. Ama ung'oe chini ya macho hayo, ama utumie dawa kwa wakati wake. Dawa ya kupuliza kwenye majani hufanya kazi majani yakishakomaa kuwa kijani iliyokolea, na udongo wa kina cha sentimita 30 ukiwa umefika joto la nyuzi 24 za Selsiasi. Ukipuliza mapema unaunguza majani tu, mzizi unabaki hai. Na eneo ulilolipiwa unatakiwa kulitunza kwa miaka. Ukiliacha lirudi porini, fedha zinaweza kudaiwa.

Mengine ni ya kawaida lakini yanaumiza watu kila msimu. Baadhi ya dawa zinataka leseni ya Idara ya Kilimo ya Texas. Angalia upepo, hasa kama jirani ana pamba. Kabla ya kuchoma marundo, uliza kaunti kama kuna marufuku ya moto. Malipo haya hutolewa taarifa kwa mamlaka ya kodi, kwa hiyo mwone mhasibu kabla ya mwisho wa mwaka. Piga picha za kila sehemu kabla na baada ya kazi, tunza risiti, omba nakala ya kila unachosaini, na ukibadilisha chochote, hata mahali pa birika la kunyweshea ng'ombe, mwandikie afisa kwanza usubiri jibu.