Kupaka rangi upya pampu ya jeti-ski ili isibanduke baada ya wiki tatu

Wiki iliyopita nilishinda siku mbili na kijana mmoja hapa Mtwapa anayekodisha jeti-ski. Mashine yake ilikuwa ikinguruma lakini haiendi, na rangi ya pampu ilikuwa imebanduka, alumini inatoa unga mweupe. Maswali aliyoniuliza ndiyo yaliyonisumbua mimi nilipoanza, kwa hiyo nayaandika hapa.

1. Kufungua

Toa betri kwanza. Piga picha kila upande, kisha toa wavu wa chini, kebo na pampu yenyewe. Bolti za chuma cha pua zikikaa ndani ya alumini kwenye maji ya chumvi huganda humo. Ikikataa, usiongeze urefu wa spana, itakatika shingo. Weka mafuta ya kulegeza, iache usiku kucha, asubuhi pasha moto alumini inayoizunguka, kisha ifungue kwa kuirudisha nyuma na mbele kidogo kidogo.

2. Impela na ringi

Impela ni panga linalosukuma maji ndani ya pampu, na ringi ni bangili inayolizunguka. Zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza, beringi imekwisha. Kama pampu yako hutumia oili na imetoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yamepita kwenye sili. Halafu pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upana) nafasi kati ya ncha za impela na ringi. Fuata namba za kitabu cha mashine yako. Mimi geji ya mm 0.6 ikipita bila kubana, ringi naibadilisha. Ya kijana ilikuwa imeliwa na mchanga hadi karibu mm 1, na nguvu yote ilikuwa ikipotelea hapo.

3. Kusafisha kabla ya rangi

Hapa nenda polepole. Pampu yangu ya kwanza niliipiga msasa jioni, nikaipaka asubuhi yake, ikapendeza. Baada ya wiki tatu ilijaa malengelenge, na nilipoyapasua kwa ukucha, ndani mlikuwa na maji na ule unga mweupe. Chumvi ilikuwa imebaki kwenye vishimo vya alumini. Chumvi huvuta unyevu, na ikishafunikwa na rangi huendelea kula chuma kimyakimya.

Siku hizi nafanya hivi. Nasugua kwa maji moto, sabuni na brashi ya plastiki. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida siikubali karakana kwangu, kwa sababu chembe zake hubaki kwenye alumini na kuanzisha ulaji mpya. Kisha naloweka pampu kwenye ndoo ya maji ya bomba usiku kucha, namwaga, nasuuza tena. Ikikauka, naipangusa kwa tineri na kitambaa safi *kabla* ya msasa, maana ukipiga msasa juu ya grisi unaikandamiza ndani zaidi. Msasa namba 80 kwenye vishimo mpaka weupe wote uishe, halafu 120 kila mahali, halafu tineri tena.

Sasa mwagia maji safi na utazame. Yakitandaa kama shuka, pako tayari. Yakijikusanya matone, bado pana mafuta, rudia. Baada ya hapo iache ikauke, na usiguse kwa mkono mtupu.

Praima iingie siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, kwa kuwa alumini ikikaa wazi hujivika utando wake. Wakati wa kusi upepo hubeba chumvi hadi uani, kwa hiyo paka ndani. Mimi huanza saa nne asubuhi, umande ukishakauka.

4. Rangi

Tumia praima ya epoksi ya makopo mawili yanayochanganywa, matabaka mawili membamba, kisha rangi ya juu. Ukipuliza, vaa barakoa yenye vichujio. Rangi nyekundu ya shaba inayopakwa chini ya boti usiilete karibu na pampu: shaba na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Jeti-ski inayopandishwa nchi kavu kila jioni haiihitaji kabisa.

Kabla ya kupaka, ziba kwa tepu impela, ringi, nyuso za sehemu zinazofungwa pamoja, na pia zinki, kile kipande kinachowekwa ili kiliwe badala ya alumini. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi. Ikiwa imeliwa nusu, weka mpya.

5. Kurudisha

Sili mpya, grisi ya baharini kwenye meno ya shafti na kwenye kila bolti, isiwe grisi ya shaba. Ipe rangi siku kadhaa ikomae kabla ya kugusa bahari.

Ukijaribu kwa mpira wa maji kwenye mashine zinazopozwa na maji ya bahari, washa injini kwanza ndipo ufungue bomba. Ukimaliza, funga bomba kwanza ndipo uzime, la sivyo maji yanaweza kurudi ndani ya injini.